Ukuta Uliomchukua Baba Mdogo

Jirani yangu hapa Natta anamalizia nyumba. Mafundi wameanza kupiga lipu vyumba vya ndani, na kila asubuhi nikifungua dirisha, harufu ya saruji mbichi iliyochanganywa na chokaa inaingia mpaka jikoni. Wapo wanaoipenda harufu hiyo, wanasema ni harufu ya maendeleo. Mimi huacha chai ipoe. Nakaa na kikombe mkononi, na kumbe siko Natta tena. Niko Turwa, kule Tarime, kwenye mji wa baba yangu, mtoto ambaye bado hajaanza darasa la kwanza, nimeegemea nguzo ya banda nikimtazama mtu mzima akifanya jambo ambalo hakuna aliyelielewa.

Baba yangu, Marwa, alikuwa fundi wa lipu. Sisi tulimwita tata, kama Wakurya wengi wanavyomwita baba. Alikuwa mtu wa timazi, ule uzi wenye kipande kizito cha chuma ambao mafundi huuning'iniza kuona kama ukuta umenyooka. Watu wa Tarime walimpa kazi kwa sababu ya timazi yake. Walisema ukuta wa Marwa unaweza kuupitishia jicho kutoka kona hadi kona usione tumbo. Msaidizi wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Chacha, baba yangu mdogo.

Tata hakuwa na maneno mengi. Chacha hakuweza kunyamaza. Akikoroga saruji alipiga mluzi, akibeba ndoo aliimba, na akinyamazishwa aliongea peke yake. Jioni walipokuwa wanarudi kutoka kazini nilikuwa namsikia yeye kabla sijawaona wote wawili. Alinipakia kwenye toroli, saruji iliyokauka ikinikwaruza mapaja, akanizungusha uwanja mzima huku bibi, mama yao, akimwambia kwamba ipo siku atanivunja shingo. Alikuwa hajaoa. Bibi alikuwa ameshamwonea binti, na kila mara alipolitaja jina la huyo binti Chacha alijifanya kiziwi, akapiga mluzi kwa nguvu zaidi.

Kisha wakapata kazi Mugumu, kuongeza vyumba kwenye nyumba ya zamani. Haya niliyaunganisha ukubwani, kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule. Mvua ilikuwa imenyesha. Walipaswa kuchimba msingi mpya kando ya ukuta wa zamani wa matofali mabichi. Kabla ya kuanza, tata alining'iniza timazi yake kwenye ukuta ule, akauona umenyooka, akamwambia mdogo wake ashuke mtaroni. Yeye akaenda kuchota maji ya kukorogea. Alipokuwa bombani aliusikia mluzi. Halafu hakuusikia.

Siku habari zilipofika nyumbani mimi nilikuwa uani nikicheza na maganda ya maharage. Wanawake walianza kulia upande wa barabarani, na kilio kikasogea kama kitu kinachotembea kwa miguu mpaka kikaingia kwetu. Mtu fulani alimuuliza shangazi imekuwaje. Shangazi akajibu, "Ukuta umemchukua Chacha."

Ndivyo nilivyosikia, na ndivyo nilivyoelewa. Hakusema umemuua. Alisema umemchukua, kama vile basi linavyomchukua mtu pale stendi. Sisi watoto tulipelekwa kwa ndugu upande wa pili wa kijito ili tusione mazishi. Tuliporudishwa tulikuta tuta la udongo mwekundu karibu na migomba, na mama akaniambia kwamba baba mdogo amelala pale. Sikubishana naye, ila sikumwamini. Kama ukuta ndio uliomchukua, udongo ulimpataje? Niliona wakubwa wamechanganya mambo kwa sababu ya kulia sana.

Tata hakurudi kazini. Watu walikuja kumwita, wengine kwa upole, wengine wakimkumbusha kazi alizoziacha katikati, naye aliwasikiliza mpaka mwisho na kuwasindikiza mpaka njiani, basi. Mama akabaki na shamba, mihogo na ulezi, na siku za soko alikwenda na ndizi kichwani. Wazee wa ukoo walikuwa wameleta mifuko ya saruji kwa ajili ya kujengea kaburi. Siku hizi kwetu kaburi la udongo mtupu ni aibu, na la mtu ambaye kaka yake ni fundi ni aibu zaidi. Mifuko ilipangwa bandani juu ya matofali isipate unyevu. Tata alikuwa akiitazama.

Siku moja akatoa mlango wa zamani uliokuwa umeegemezwa nyuma ya nyumba, akaulaza bandani juu ya mapipa, akaupigilia misumari na wavu wa kuku ili lipu ishike. Nilidhani anatengeneza meza. Akafungua mfuko mmoja wa saruji, akakoroga, akaanza kupiga lipu ule mlango. Alipoinyoosha vizuri, akachukua msumari na kuanza kuikwangua. Aliikata kwa kipande cha msumeno. Alitia vumbi la matofali, mkaa uliosagwa, chokaa, vipande vya chupa, waya uliooza. Waya ule baada ya siku kadhaa ulitoa kutu, kutu ikatiririka kwenye chokaa kama machozi ya chai. Haikuwa picha ya mtu wala ya mti. Ilikuwa mistari iliyolala upande, mingi, mingine minene kama mkono, yote imeinama upande mmoja. Mtu ambaye maisha yake yote alitafuta kilichonyooka, sasa kwenye kazi yake hakuna mstari hata mmoja uliosimama.

Alipomaliza ule alitafuta ubao mwingine. Silingibodi zilizobaki kazini, upande wa kabati, kifuniko cha sanduku la bibi lililoliwa na mchwa. Kila alipokamilisha mmoja aliufunika kwa magunia yaliyoloweshwa, na asubuhi na jioni akayamwagilia maji. Kila mtu anayejua ujenzi anajua kwamba saruji hunyweshwa maji ili ikomae bila kupasuka. Mimi sikujua. Nilimwona tata, ambaye siku hizo hakula vizuri, akiinuka kabla ya jua kupanda kupeleka maji kwenye ukuta mdogo uliofunikwa gunia, kwa uangalifu, kama unavyomnywesha mgonjwa. Basi nikaelewa kila kitu. Baba mdogo alichukuliwa na ukuta, na tata anatengeneza kuta ndogo ndogo ili apate mahali pa kutokea. Anakwangua kumtafuta. Anampa maji kwa sababu huko ndani kuna joto.

Sikumwambia mtu. Tata alipoondoka bandani nilikuwa nafunua pembe ya gunia na kuweka sikio. Lipu inapokauka hutoa sauti ndogo sana, kama mtu anayevunja vijiti kwa mbali. Niliisikia kwa masikio yangu haya. Nilimwamkia, "Shikamoo baba mdogo," nikangoja. Hakuitika, lakini ile sauti iliendelea, na mimi nikafurahi. Katika mji mzima wenye huzuni, mimi peke yangu nilikuwa na furaha, na mama alinitazama nikiruka kamba karibu na kaburi akageuza uso.

Watu walianza kusema. Walisema Marwa amevurugikiwa. Mzee mmoja wa kanisa alikuja, akasali akiwa ameweka mkono begani kwa tata, kisha akazitazama zile mbao na kuuliza kwa adabu ni picha za nini. Tata alijibu kwamba si picha. Wazee wa ukoo nao walikuwa na lao. Walisema damu iliyomwagika kazini haijatulizwa, itafutwe mbuzi. Mbuzi akachinjwa, nyama ikaliwa, na kesho yake tata alikuwa bandani anakoroga saruji.

Aliyemuumiza zaidi, hata mimi niliona, ni bibi, kwa sababu bibi hakusema kitu. Tangu siku ya mazishi hakuwa amemwita mwanawe kwa jina. Ugali wake aliupitisha kwangu: mpelekee baba yako. Kila siku alikwenda kwenye lile tuta. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na udongo ulikuwa unatitia, upande wa kichwani pakatokea kishimo, na kukikauka kuku walikwenda kuogea vumbi pale. Bibi aliwafukuza kwa fimbo, wakarudi, akawafukuza tena. Akimaliza alisimama akiangalia banda. Mifuko ya saruji ilikuwa inapungua na kaburi lilikuwa linazama.

Ikafika asubuhi moja, jua limeshawaka, mama yuko sokoni. Tata alikuwa amebakiza mfuko wa mwisho. Alikuwa ameshaukata mdomo aliposikia fimbo ya bibi nyuma yake. Bibi hakuingia haraka. Alizitazama zile mbao moja moja jinsi zilivyoegemezwa ukutani, kisha akaketi juu ya tofali na kuanza kusema, kwa Kikurya, bila kupaza sauti. Alisema amezaa watoto wengi wa kiume na waliobaki walikuwa wawili, na sasa ni mmoja, na huyo mmoja amejengea watu wa Tarime yote, amewajengea walimu na askari na wenye maduka, ila kaburi la mdogo wake amelifanya bafu la kuku. Saruji aliyoletewa ya kumfunika ndugu yake anaichezea kama mtoto anayefinyanga ng'ombe wa udongo. Akamuuliza kama ana hasira na marehemu.

Tata alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Niliona bibi anamwonea bure kwa sababu hajui. Nikatoka pale kwenye nguzo nikasema, "Bibi, usimgombeze. Baba mdogo yuko humo ndani. Tata anampa maji, atatoka."

Hakuna aliyenikemea. Tata alinigeukia, na nikaona uso wake ukibadilika kama uso wa mtu aliyepigwa na kitu alichokuwa hakioni. Akaweka mwiko chini. Akaketi pale pale kwenye vumbi la saruji, miguu imenyooka mbele kama mtoto, akaniita nikae karibu naye. Aliniuliza nimeanza lini kufikiri hivyo. Nikamwambia tangu mlango ule wa kwanza. Akaniuliza kama nilikuwa nazungumza naye. Nikasema namwamkia, ila haitikii.

Kisha akazungumza, na ingawa mkono wake ulikuwa kichwani kwangu, maneno alikuwa anamwambia mama yake. Alisema ule ukuta ulikuwa umenyooka. Aliupima mwenyewe kwa timazi na uzi haukugusa popote. Alimwambia Chacha ashuke, na Chacha akashuka bila kuuliza kwa sababu timazi ya kaka yake haikuwahi kukosea. Kila akifumba macho anauona unaanza kuinama.

"Hizi mbao ndizo hizo," alisema. "Naujenga pale ulipoanza kuinama, nausimamisha hapo hapo, kabla haujamfikia."

Bibi akamuuliza, basi kaburi?

"Mama, siwezi kumwekea ukuta mwingine juu yake."

Nilikuwa nimewahi kuwaona wanawake wakilia. Sikuwa nimemwona tata. Alilia bila sauti, mabega tu, na vumbi jeupe la usoni likachorwa mistari. Bibi aliinuka kwa kujisukuma na fimbo, akaenda kwenye ule mlango wa kwanza, akaugusa kwa kiganja, polepole, kutoka juu kufuata ile mistari iliyoinama mpaka chini. Alipofika chini kiganja kilibaki pale. Sijui alihisi nini. Alipogeuka alimwita kwa jina, Marwa, mara ya kwanza tangu msiba, akamwambia aufunge ule mfuko usiingie unyevu.

Mchana ule bibi alinituma nikachote maji. Akachimba udongo mfinyanzi kwenye kingo za kijito, akauchanganya na samadi ya ng'ombe na majivu, akaukanda kwa miguu kama wanawake wa kwetu wanavyofanya wanapotaka kukandika nyumba. Tukaenda kwenye tuta. Alijaza kile kishimo kwanza. Kisha akapiga magoti upande wa kichwani na kuanza kupaka kwa viganja, akivuta udongo kwa nusu duara, kiganja juu ya kiganja, na mimi nikimletea. Huku akipaka alizungumza nami kama unavyozungumza na mtu mzima. Aliniambia Chacha yuko hapa, chini ya mikono yetu. Hayuko kwenye mbao. Zile mbao ni maumivu ya baba yako, na maumivu huwa yanatafuta mahali pa kukaa, yaachie. Lakini Chacha ukitaka kumwamkia, mwamkie hapa, na hataitika, wala hatatoka.

Nikamuuliza, hata nikimpa maji?

"Hata ukimpa maji, mjukuu wangu."

Wengine wote walifiwa siku ile kilio kilipoingia uani. Mimi nilifiwa pale, magoti kwenye udongo mbichi, viganja vikinuka samadi. Nililia mpaka mama alinikuta nimelala kwenye kivuli cha migomba na bibi ananipepea kwa upande wa kanga. Kwa muda mrefu sikuingia bandani. Sauti ile ya lipu inayokauka, ambayo ilikuwa imenifurahisha, ikawa sauti tu.

Kila msimu mvua ikipita bibi alikandika upya kaburi lile, na mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake. Tata alirudi kazini kidogo kidogo, kazi za sakafu na za kuskimu, yaani kulainisha lipu kabla ya rangi, ila kusimamisha kuta za wengine alikataa. Mbao aliendelea nazo, kwa saruji aliyonunua mwenyewe. Mtu mmoja aliyekuwa anajenga kambi ya watalii huku Natta alizichukua kadhaa, akazitundika sijui wapi. Zilizobaki mchwa walikula ubao kwa nyuma, lipu ikabaki imesimama yenyewe kama ganda, mpaka siku ilipoguswa na mbuzi ikaanguka.

Bibi alipoanza kuugua kifua alijua. Alimwita tata mbele yetu akampa maagizo yake, nani apewe ng'ombe yupi, nani asigombane na nani. Mwishoni akamwambia, "Mimi ukinizika, unijengee. Mimi sina ugomvi na ukuta." Alitabasamu kidogo aliposema hivyo, na tata akainamisha kichwa.

Alifariki wakati ulezi unavunwa. Walimzika pembeni mwa Chacha, na matanga yalipoisha tata akafungua ule mfuko uliobaki. Sehemu yake ilikuwa imeganda, akaiponda. Akajenga kaburi la mama yake kwa matofali, polepole, akisimama mara nyingi kupumua. Juu akapiga lipu, na nilidhani atainyoosha kama watu walivyotarajia na kuchora msalaba. Msalaba aliuweka, mdogo, upande wa kichwani. Kwingine kote, kabla lipu haijashika, alipitisha viganja vyake. Hakutumia mwiko. Nusu duara juu ya nusu duara, kutoka kichwani mpaka miguuni, nyingi, kama maji ya mto yanavyokunjana. Hakuna mstari ulioinama. Wazee wa ukoo walikuja kuona, wakazunguka, wakaguna, mmoja akasema angalau ni imara.

Kando yake kaburi la Chacha lilikuwa limepasuka. Bibi alikuwa ameugua msimu mzima, na mimi peke yangu sikuthubutu kuligusa. Mvua zilikuwa zimechukua udongo na nyasi zilikuwa zimeanza kuota kwenye nyufa. Tata aliosha vifaa vyake, akavianika, kisha akasimama pale akilitazama kwa muda. Akaniuliza bibi alikuwa anachimba wapi ule udongo. Nikampeleka kijitoni. Watu wa njiani walimwona mwanaume mzima amebeba karai la udongo na samadi, kazi ya wanawake, wakamsalimia na kupita bila kuuliza. Aliukanda kwa miguu, suruali imekunjwa magotini. Nilimwelekeza kuongeza majivu akaongeza.

Tulipofika kwenye kaburi alipiga magoti, mikono imejaa udongo, akasita. Alinitazama, mtu aliyenipita kwa kila kitu.

"Alianzaga wapi?" akauliza.

"Alianzaga kichwani," nikamwambia.

Akasogea upande wa kichwani, akaweka kiganja.